Dadu za Mzee Locke na Kibao cha Shingoni

Ukimuuliza kijana wa mjini leo kwamba hii habari ya kufundisha Kiingereza kwa michezo imeanza lini, atakwambia imekuja na kompyuta. Mwingine atakutajia yule bundi wa kijani wa kwenye simu. Mimi nakwambia rudi nyuma, tena sana. Rudi mpaka mwaka 1693, wakati Wareno bado wamejichimbia Fort Jesus pale Mombasa na Waomani hawajawatoa.

Mwaka huo John Locke, daktari na mwanafalsafa wa Kiingereza, alichapisha London kitabu cha malezi kiitwacho Some Thoughts Concerning Education. Kilitokana na barua alizokuwa akimwandikia rafiki yake, Edward Clarke, aliyetaka ushauri wa namna ya kumlea mwanawe. Locke mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto, lakini si mnajua tena, washauri wakubwa wa malezi ndivyo walivyo. Alichosema kuhusu kusoma kilikuwa kipya kwa wakati wake. Alisema mtoto asipewe kusoma kama kazi, wala asichapwe kwa ajili ya kusoma. Adanganywe kidogo, adhani anacheza.

Tena hakuishia kwenye maneno matupu, alieleza na kifaa chenyewe. Tengeneza mpira wa pembe ya ndovu wenye pande ishirini na nne au ishirini na tano (pembe za ndovu wa wapi, tusiulize sasa). Wazo hilo alilitoa kwenye bahati nasibu iliyokuwa maarufu London, iliyoitwa Royal Oak, ambayo mpira wake ulikuwa na pande thelathini na mbili. Yaani mwalimu huyu wa Kiingereza kwa michezo alikopa kwenye kamari! Kwenye pande kadhaa bandika herufi A, kwenye nyingine B, na mtoto akishazizoea hizo ongeza C, mpaka alfabeti nzima iwe imeingia. Halafu kuna jambo dogo ambalo mimi naliona ndilo lenye akili kuliko yote: mpira ukishachezewa, uwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki. Ukimwachia ashinde nao kutwa, atauchoka.

Locke anasimulia pia habari ya bwana mmoja mkubwa aliyetengeneza dadu nne. Ya kwanza ilibandikwa irabu sita, maana Y nayo waliihesabu. Zile tatu zikagawana konsonanti kumi na nane. Ukijumlisha unapata herufi ishirini na nne, kwa sababu siku zile I na J zilihesabiwa kuwa herufi moja, na U na V vilevile. Mchezo ulikuwa rahisi. Rusha dadu zote kwa mpigo mmoja, na atakayepata maneno mengi ndiye mshindi. Mtoto mkubwa wa bwana huyo, akiwa bado mdogo wa kuvalishwa magauni kama walivyovalishwa watoto wote wa kiume wa wakati ule, alijua kuendeleza maneno bila mtu kumkaripia hata siku moja.

Sisemi tumpende sana huyu mzee. Huyuhuyu aliyeandika kwamba mtoto asitumikishwe kwa viboko aliwekeza fedha zake katika Royal African Company, kampuni iliyokuwa ikiuza Waafrika. Kaa na hilo kichwani, litatusaidia mbele kidogo.

Baada ya Locke, kazi waliishika akina mama. Historia huwa inawaruka, mimi nataka nikae nao kidogo. Miaka ya 1740, katika mji wa Olney huko Buckinghamshire, aliishi Jane Johnson, mke wa kasisi. Alitaka kuwafundisha wanawe kusoma, akakaa chini na mkasi, gundi na wino. Alikata kadi ndogondogo, akazibandika picha alizozikata kwenye machapisho, nyingine akazichora na kuzipaka rangi kwa mkono. Kuna kadi za herufi, za silabi, za maneno, na kadi zenye sentensi za kuchekesha kuhusu watu wa kawaida kama wauza bidhaa wa mitaani. Hakuzifanya kwa ajili ya kuuza, na hakuna aliyezijua nje ya nyumba ile. Zikakaa kwenye boksi zaidi ya miaka mia mbili. Leo ziko Marekani, katika maktaba ya Lilly ya Chuo Kikuu cha Indiana, zaidi ya vipande mia nne, na wasomi wa historia ya elimu wanazitazama kama dhahabu. Mimi nikifikiria kadi mia nne za mkono, bila mashine, bila hata balbu ya umeme, naona haya kuhusu walimu wetu tunaowalaumu kwamba hawana zana.

Mwingine ni Ellenor Fenn wa Norfolk. Huyu hakujaliwa kuzaa, lakini alikuwa na watoto wa ndugu zake, na aliwatengenezea vitabu na michezo kwa mkono kabla ya mchapishaji wa London aitwaye John Marshall kuanza kuichapa. Mwaka 1785 ukatoka mwongozo wake, The Art of Teaching in Sport, uliokwenda pamoja na seti ya vifaa vya kufundishia herufi, sarufi na hesabu. Ona jambo hili: mwongozo. Fenn alijua kwamba boksi la michezo peke yake ni takataka kama mama anayelifungua hajui afanye nini na mtoto. Kwa hiyo alimwandikia mama. Karne mbili na zaidi zimepita, na bado kuna miradi inayopeleka makontena ya vifaa mashuleni bila hiyo karatasi moja.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo mambo yanapogeuka.

Hao wote walikuwa wakifundisha Kiingereza kwa watoto ambao tayari wanakizungumza. Kiingereza kilipoanza kusafiri kwenda kwa watu wengine, dadu na kadi hazikupanda meli. Kilichopanda ni fimbo. Wala hakikungoja kufika Afrika. Jirani tu na Uingereza yenyewe, kule Wales, katika karne ya 19 shule nyingi zilikuwa na kipande cha mbao kilichoandikwa herufi W na N. Mtoto akisikika anaongea Kiwelshi, anavishwa. Akimsikia mwenzake naye anaongea, anamhamishia. Atakayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa.

Unaikumbuka hiyo? Bila shaka unaikumbuka. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, aliieleza vizuri katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986. Kule Kenya ya miaka ya 1950 kilikuwa ni kifungo cha nguo, kinapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na jioni kila aliyekishika anamtaja aliyempa, mpaka msururu mzima wa wakosaji unapatikana. Adhabu ilikuwa bakora, au kuvaa kibao cha chuma cha kumtukana mvaaji kwamba ni mjinga au ni punda.

Shule ya sekondari niliyosoma mimi, ambayo sina haja ya kuitaja, tulikuwa na cha mbao, na kamba ya katani. Kamba ile ilikuwa inawasha shingo kuliko hata aibu yenyewe. Ukitazama vizuri utaona kibao kile nacho ni mchezo, tena uliokamilika. Una kete moja. Una sheria, una zamu, una muda wa kumalizika, na una wa kushindwa. Una hata mbinu, kwa sababu aliyekivaa alikuwa anawavizia wenzake chooni na kwenye foleni ya uji, anawachokoza mpaka mmoja aseme "aah, niache bwana." Amekwisha. Watoto wote tuliucheza kwa bidii. Tatizo ni kile ulichokuwa ukifundisha. Ulitufundisha kunyamaza. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza darasa letu lilikuwa limegundua kwamba njia salama kuliko zote ni kuongea kwa ishara za mikono, na kuna vijana walimaliza miaka minne wakiwa mabingwa wa kupiga miluzi yenye maana kumi na tano, na Kiingereza hawana.

Kwa hiyo mtu asije akatwambia kwamba michezo ni kitu kigeni katika madarasa yetu ya Kiingereza. Ulikuwepo, ila ulikuwa mbaya.

Kwa upande wa Tanzania kuna historia yake ambayo nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua. Wakati wa Waingereza madarasa ya chini yalisomeshwa kwa Kiswahili, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 shule zote za msingi za serikali zikawa za Kiswahili. Sekondari ikabaki kwenye Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kipande mpaka sekondari, na haikuwa. Mwaka 1984 utafiti wa Criper na Dodd ukaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo yao, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akasema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, kwa hiyo lazima kifundishwe. Mwaka 1987 Uingereza ikaleta fedha za mradi wa kuinua Kiingereza, na sehemu kubwa ya mradi huo ilikuwa vitabu vya hadithi rahisi. Vitabu vile vilisaidia, na aliyesoma miaka ile atakwambia. Lakini katika mjadala wote huo wa tume na wataalamu, swali lilikuwa ni lugha gani itumike. Kama mtoto anakifurahia hicho Kiingereza au anakiogopa kama sindano, hilo halikumshughulisha mtu.

Turudi kwenye mchezo, huu mnaufahamu wote: Scrabble.

Alfred Mosher Butts alikuwa msanifu majengo wa New York aliyepoteza kazi mwaka 1931, wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka. Kijiweni kwetu angeanza kubeti. Yeye akaanza kubuni mchezo. Alichukua magazeti akahesabu herufi, moja moja, aone ipi inatokea mara ngapi. Kwa hesabu hiyo akapanga kete mia moja. E ni kumi na mbili, A na I tisa tisa, na S akaibania makusudi ikawa nne tu, kwa sababu angeachia nyingi kila mtu angekuwa anashinda kwa kuongeza wingi mwishoni mwa neno la mwenzake.

Ila Butts hakuutengeneza peke yake, na hapa ndipo hadithi zinazopendwa za mvumbuzi mmoja huwa zinatuongopea. Mwenyewe hakuwa hodari wa kuendeleza maneno. Mkewe, Nina, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa akimshinda. Majirani zake wa Jackson Heights, Queens, walikuwa wakikutana kanisani kuucheza, na sheria zilibadilika kadiri watu walivyoucheza. Viwanda vya michezo viliukataa. Mwaka 1948 rafiki aliyekuwa na nakala moja, James Brunot, akauchukua, akarekebisha sheria na mpangilio wa ubao, na akaupa jina la Scrabble. Yeye na mkewe waliuunda katika jengo lililokuwa shule zamani, huko Connecticut. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2,400 na wakapata hasara ya dola 450. Mambo yalikuja kufunguka mwaka 1952, duka kubwa la Macy's lilipoanza kuuagiza.

Hesabu ile ya magazeti ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe mwalimu wa Kiingereza bila kutangaza. Ukiwa na kete saba mkononi unajifunza bila kuambiwa kwamba Q inataka U, kwamba -ING na -ED ni mali, kwamba maneno yanajengwa kwa vipande. Jaribu sasa kuucheza kwa Kiswahili kwa kete zilezile uone. K iko moja tu, yenye pointi tano. Huwezi kuandika "kuku". Huwezi kuandika "kaka". "Kukaa" ndiyo kabisa, labda uwe na kete tupu. X na Q zinakukalia mkononi kama wageni wasioaga, na A zinaisha mapema kwa sababu sisi kila neno letu linazitafuna. Mchezo unajua lugha uliyopimiwa. Hili nalo kaa nalo kichwani.

Je, Scrabble inafundisha Kiingereza? Jibu lilikuja kutoka Thailand, na si jibu moja. Nchi ile iliamua kuutumia mchezo huu mashuleni, na tangu mwaka 1986 kuna mashindano ya Kombe la Mfalme pale Bangkok yanayovuta maelfu ya wachezaji, wengi wao wanafunzi. Mwaka 2003, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kuala Lumpur, kijana wa Kithai, Panupol Sujjayakorn, aliwafagia Waingereza na Wamarekani katika lugha yao wenyewe. Mwaka 2009 Mthai mwingine, Pakorn Nemitrmansuk, akafanya hivyohivyo huko Johor Bahru. Halafu watu wakagundua kitu: mabingwa wengi wa Kithai walikuwa na maelfu ya maneno kichwani ambayo maana yake hawaijui, na mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza yalikuwa yakiwapa shida.

Kama unadhani hilo ni la Wathai tu, mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia mara kadhaa kwa Kiingereza, alikariri kamusi ya Kifaransa kwa wiki tisa hivi akaenda Ubelgiji na kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa. Kifaransa chenyewe hakijui. Mwaka 2024 akarudia, safari hii kwa Kihispania, mjini Granada.

Kwa hiyo mchezo hufundisha kile unachomfanya mchezaji akifanye. Kibao cha shingoni kilitufanya tunyamaze, tukajua kunyamaza. Scrabble inakufanya upange herufi, utajua kupanga herufi. Sisemi hiyo ni kidogo. Mwaka 2015, mjini Perth, Mnigeria Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na mimi siku ile nilitembea kama vile nimeshinda mimi. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anayeshindwa kuomba ruhusa ya kwenda zahanati kwa Kiingereza hatasaidiwa na kete saba.

Walimu wa lugha waliliona hili kwenye miaka ya 1970. Wakati huo Ulaya kulikuwa na mageuzi: badala ya kukariri sarufi, mwanafunzi atumie lugha kupata kitu anachokihitaji. Mwaka 1979 Andrew Wright, David Betteridge na Michael Buckby wakatoa Games for Language Learning, kitabu ambacho mpaka leo utakikuta kwenye vyuo vya ualimu kikiwa kimechakaa majalada. Ni watu watatu, tena, siyo mmoja. Mchezo mama wa wakati ule ni ule wa pengo. Mwanafunzi wa kwanza ana ramani ya Kariakoo yenye soko na kituo cha mabasi, lakini haina duka la dawa. Wa pili ana ramani hiyohiyo yenye duka la dawa, lakini haina soko. Hawaruhusiwi kuonyeshana. Hakuna njia ya kukamilisha ramani ila kuulizana, kwa Kiingereza. Ukikosea kusema kushoto na kulia, mwenzio anachora soko baharini, mnacheka, mnaanza upya. Hakuna aliyevaa kibao.

Na hapa jirani zetu wa Kenya wana sura yao ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kati ya mwaka 1980 na 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya pamoja na wataalamu wa Marekani, kwa fedha za shirika la USAID, waliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu. Mbinu yenyewe ilikuwa imejaribiwa kwanza Nicaragua kwenye hesabu, miaka ya 1970. Haikuwa redio ya kusikiliza huku umekunja mikono. Kila siku, nusu saa, sauti ya redioni inauliza kisha inanyamaza, na watoto darasa zima wanaijibu. Inawaambia wasimame, waguse dirisha, waimbe, wamwelekezee mwenzao kidole. Mwalimu yupo mbele yao, anaongoza.

Kazi yenyewe ilikuwa nyuma ya redio. Waandishi wanaandika somo, linajaribiwa na watoto halisi darasani, mtu amekaa nyuma anaangalia ni wapi watoto wamekwama na wapi kimya kimekuwa kirefu mno, kisha somo linarudi mezani linafumuliwa. Kwa hiyo watoto wa darasa la kwanza vijijini walikuwa wahariri bila kujua. Vipimo vilionyesha waliosoma kwa redio waliwazidi wenzao, hasa katika kusikiliza. Masomo yale baadaye yalisafiri hadi Lesotho, na kutoka kwenye uzoefu huohuo ikaja redio ya Kiingereza mashuleni Afrika Kusini miaka ya 1990. Kitu kilichopikwa Nairobi kikaliwa Maseru na Johannesburg. Tunapenda kuhesabu tulichoagiza kutoka nje, hiki tulikiuza sisi.

Kwa upande wa kompyuta nitakuwa mfupi, maana huko mnanizidi. Dar es Salaam mwaka 2013 ilianzishwa Ubongo, na mwaka uliofuata katuni zake zikaanza kuonekana kwenye televisheni. Halafu kati ya 2017 na 2019 Tanga ikawa uwanja wa shindano la dunia, Global Learning XPRIZE. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 hivi, wengi wao hawajawahi kukanyaga darasa, walipewa tableti zenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa muda wa miezi kumi na mitano. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kwa washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Lugha ya kusomea ilikuwa Kiswahili, na naona ilikuwa sahihi kabisa: mtoto ajue kwanza kusoma ni nini kwa lugha anayoota nayo. Kwa hoja yangu ya leo, sharti lililonivutia ni kwamba programu za waliofika fainali zote ziliachwa wazi. Yeyote anaweza kuzichukua na kuzibadili, na hata za Kiingereza unaweza kuzijenga juu yake.

Swali ni nani atazibadili, na atabadili nini. Hapa turudi kwenye kete ya K. Mchezo uliopimiwa London au California haujui kwamba mtoto wetu anasema "my mother, he is sick", kwa sababu Kiswahili kina "yeye" mmoja tu kwa baba na mama. Haujui kwamba "the" kwake ni mzigo usioeleweka, kwani hajawahi kuuhitaji maishani. Haujui kwamba katika sehemu nyingi za nchi "rice" na "lice" ni jambo moja. Mwalimu wa Morogoro anayajua hayo yote, anayasahihisha kwa wino mwekundu kila Jumatatu. Mwanafunzi wake anayajua zaidi, maana ndiye anayechekwa.

Kuna utafiti mmoja wa Yasmin Kafai uliochapwa kama kitabu mwaka 1995, Minds in Play. Huko Boston aliwapa watoto wa darasa la nne kazi ya kutengeneza wenyewe michezo ya kompyuta ya kuwafundisha wadogo zao hesabu za sehemu. Walijifunza sehemu, na programu za kompyuta pia, kwa sababu huwezi kumtegea mwenzio swali usilolielewa. Kwa Kiingereza mbinu hii huenda ikawa tamu zaidi, na haihitaji kompyuta. Wape vijana wanne karatasi ya manila, vizibo vya soda, gundi na kalamu ya wino mzito. Waambie watengeneze mchezo wa ubao wa kufundisha "he" na "she" kwa darasa la chini yao, na sheria waziandike kwa Kiingereza. Sheria za mchezo ni sarufi tupu. "Ukifika hapa, rudi hatua mbili." "Aliyepata sita anaanza." "Hairuhusiwi kusaidiwa." Hapo kuna masharti, kuna amri, kuna wakati uliopita, na kuna ugomvi, maana wanne hawatakubaliana na itabidi wabishane kuhusu neno moja mpaka kengele ilie.

Halafu wawape darasa la chini wacheze, wao wakae nyuma na daftari, waone wapi kimya kimekuwa kirefu mno. Jioni mchezo uwekwe juu ya kabati la mwalimu, mahali pasipofikika.